Viazi Vinavyoelea

Kofi lenyewe halikuwa la kuua mtu. Tulalumba Mbwilo aliliona kwa macho yake, tangu mkono ulivyonyanyuka hadi ulivyotua, na ukimuuliza hata leo atakwambia hivyo hivyo: lilikuwa kofi la kumnyamazisha mtu mzima anayepayuka mbele ya foleni, basi. Lakini Ndelwa alipepesuka, akajigonga bega kwenye nguzo ya mzani, na kabla hajasimama sawasawa shati lake likaanza kulowa damu ubavuni, mahali ambapo hakuna aliyemgusa.

"Kovu," mwanamke mmoja kwenye foleni alisema. "Kovu lake limefumuka."

Lilikuwa kovu la upasuaji wa utotoni, la miaka thelathini na ushee. Lilifunguka kama gunia lililoshonwa kwa uzi mbovu. Ndelwa akalikamata kwa mikono miwili, akamtazama aliyempiga, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kastoli, umenifanya nini?" Akaanguka chini. Damu ikamtoka puani, kisha kwenye fizi, na kila alipoiziba kwa vidole ilitafuta njia nyingine. Alichukua muda mrefu kufa. Foleni haikusimama. Watu walimzunguka, wakapima viazi vyao, wakaondoka wamekunja suruali na kanga zao zisichafuke.

Kastoli, mkuu wa askari wa mzani, kaka yake Tulalumba wa tumbo moja, alibaki amesimama mkono ukining'inia. Kidole chake kilikuwa kimekwaruzwa na jino la marehemu. Mkwaruzo mdogo tu, wa kunyonya na kusahau. Damu yake ilikuwa ikidondoka chini, tone baada ya tone, na haikuonyesha dalili ya kukoma.

Sasa msidhani watu wa Uwanda wa Igodi walikuwa na njaa. Thubutu. Tangu nchi za chini zikauke na watu elfu arobaini kupandishwa huku juu kwenye baridi, sheria ilikuwa moja: kilo mbili za viazi kwa kichwa kila siku, mkubwa kwa mdogo. Na kilo mbili zilipatikana, haijapita siku zikakosekana. Watu walikuwa na mashavu. Walikuwa na vitambi. Ila meno yalikuwa yakiwatoka wakitafuna, miguu imewavimba na kuota madoa meusi, na mtu akijikata wembe anaponyoa ndevu, majirani walikuwa wanaanza kuulizana nani atachimba kaburi. Wazee waliukumbuka ugonjwa huo kwa jina lake, kiseyeye, lakini kwa sauti ya chini, maana kiseyeye ni ugonjwa wa wasiokula, na Igodi kila mtu alikuwa ameshiba.

Tena kilichomponza Ndelwa ni kusema kweli. Alikuwa amekamata kiazi kikubwa kama kichwa cha mtoto, akakipasua kwa goti, maji yakamtiririka hadi kwenye kiatu, akapaza sauti, "Mnatupimia maji! Haya ni maji yenye maganda!" Ndipo Kastoli akampiga.

Mke wa Ndelwa, Enesia, alifika wakati mwili umeshafunikwa. Hakulia. Aliinama akaokota viazi vya mumewe kimoja kimoja, akavitia kapuni, akajitwika. Alipompita Kastoli alisimama.

"Nimekuona," alisema, akaenda zake.

*

Tulalumba ndiye aliyekuwa mnyweshaji wa Igodi. Maana yake ni kwamba kila asubuhi aliingia kwenye Chumba cha Lango, akasoma kwenye ubao hali ya Mzizi, akaidhinisha maji na mbolea za siku hiyo. Mzizi ulikuwa umetandazwa chini ya uwanda mzima: nyuzi za ukungu uliotengenezwa na watu, nyembamba kuliko nywele, zinazojua kiu ya kila mche na kuujibu hapo hapo, tone la maji hapa, chembe ya naitrojeni pale. Bustani za mboga na miti ya matunda ilikuwa imeng'olewa yote ili Mzizi upate nafasi. Mahali pamoja tu ulishindwa kupita: nyuma ya nyumba ya Tulalumba, kwenye mawe kando ya kijito, ambapo marehemu mama yake alikuwa na kinyungu, kile kishamba cha bondeni ambacho watu wa Njombe wamekuwa wakilima kiangazi kwa unyevunyevu wa mto. Matuta sita. Ungeweza kuyavuka kwa hatua ishirini.

Kastoli alikuja huko alasiri ya siku ile ile. Kidole alikuwa amekifunga kitambaa, na kitambaa kimelowa.

"Hodi."

"Karibu, kaka."

Lusungu, bintiye Tulalumba wa miaka sita, alikuja mbio kutoka matutani. "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba." Kastoli alimtazama mtoto, akashuka macho hadi kwenye goti lake. Akachuchumaa. "Hiki ni nini?"

"Nilianguka juzi kwenye mawe. Kinawasha, lakini mama anasema nisikibandue."

Kilikuwa kigaga. Kigaga kikavu, cheusi, cha kawaida, kama walivyokuwa navyo wao wawili kila siku ya utoto wao. Kastoli alikuwa hajaona kigaga mwaka wa pili sasa. Alikigusa kwa ncha ya kidole, taratibu.

"Nenda ndani, mama," alimwambia mtoto. Alipoinuka, uso wake ulikuwa mwingine. "Tula. Unamlisha nini huyu?"

Tulalumba hakuona haja ya kudanganya. Alivuta ndoo ya lita kumi, akamimina maji, akatia chumvi kilo moja na kidogo, akaikoroga kwa mti. Akachukua kiazi cha mzani, kikubwa, cheupe, kizuri kwa macho. Akakitumbukiza. Kikaelea. Akachukua kingine kutoka kinyungu, kidogo, ganda lake gumu lenye mabaka, hata mbuzi angefikiria mara mbili. Kikazama hadi chini.

"Ndivyo mama alivyokuwa akichagua vya kutuuguzia," alisema. "Kinachozama kina unga. Kinachoelea ni maji, kama alivyosema Ndelwa, Mungu amrehemu. Mimi nimekipima hiki kinachoelea. Vitamini C karibu hakina. Chumvichumvi za mwilini, nusu. Naitrojeni ukizidisha, mche unaota majani na kunywa maji, kiazi kinavimba tu, hakikomai. Zamani wiki mbili kabla ya kuchimba watu walikuwa wanakata maji, ganda likaze. Mzizi unanywesha mpaka asubuhi ya kuchimba."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu tuliufundisha lumbesa." Alicheka, lakini cheko la kujichukia. "Unakumbuka wanunuzi wa zamani? Gunia halikubaliki mpaka lijae, lipandishiwe kilemba, lifungwe kamba juu. Babu zetu walilia machozi kwa ajili ya lumbesa. Halafu siku wanaufundisha Mzizi mavuno mazuri ni yapi, wakauonyesha nini? Magunia ya lumbesa. Misimu kumi mfululizo. Ukajifunza vizuri sana. Hakuna njia ya kujaza gunia namna ile kila wiki isipokuwa maji."

Kastoli alikaa juu ya jiwe. Tone la damu lilidondoka kwenye udongo wa kinyungu.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu masika."

"Miezi mitano."

"Nililiandikia Baraza mara tatu. Wakajibu uzito uko sawa. Na baba yake Lusungu alikufa kwa kung'olewa jino, kaka. Jino. Nilipoona mtoto fizi zimeanza..."

"Leo nimeua mtu kwa kofi," Kastoli alisema. Hakupaza sauti, na hilo lilimuumiza Tulalumba zaidi. "Nimempiga kofi moja mtu aliyesema kweli, amekufa kama kuku, na wewe ulikuwa na uponyaji nyuma ya nyumba."

"Matuta sita hayaponyi watu elfu arobaini."

"Lakini yalitosha kukuponya wewe."

Tulalumba alimwambia alichokuwa akikitafuta. Maji yapunguzwe nusu, naitrojeni ibaki theluthi, waongeze potasiamu na mboji. Amri kama hiyo Mzizi hauikubali bila viganja viwili, cha mnyweshaji na cha mkuu wa askari, ili mtu mmoja asije akaukausha uwanda kwa wazimu wake. Alihitaji kiganja cha kaka yake.

"Na mzani utasoma nini?"

"Kilo moja."

"Moja yenye unga wa mbili, si ndiyo?"

Hapo ndipo penyewe, na Tulalumba alikuwa amekesha na jambo hilo miezi mitano. "Baadaye, ndiyo. Lakini kiazi kilichokwisha kujaa maji hakirudi nyuma. Wiki saba za mwanzo watakula kilo moja ya maji haya haya. Ghala lina akiba ya siku kumi na moja tu, kwa sababu viazi hivi vinaoza. Wazee, wanaonyonyesha, wagonjwa... nimepiga hesabu. Mia mbili hivi watakufa kwa njaa."

"Tusipofanya?"

"Wiki iliyopita wamezikwa kumi na tisa. Wiki ijayo watazikwa zaidi. Hatabaki mtu, kaka, lakini watakwenda pole pole, wameshiba."

Kijito kilikuwa kikipiga kelele zake. Kastoli alifunua kitambaa, akatazama kidole, akakifunga tena.

"Nani alikupa kazi ya kuchagua hao mia mbili?"

"Hakuna."

"Basi usichague wewe. Keshokutwa ni mgowe, uchimbaji wa pamoja wa Shamba la Saba, wote watakuwepo. Waambie. Uwaambie yote, mpaka hiyo mia mbili. Wakikubali, kiganja changu hiki hapa. Ukienda langoni bila kuwaambia, nitakupiga kama nilivyompiga Ndelwa, na wewe angalau hutakufa."

*

Mgowe ulikuwa umebaki kama ulivyokuwa enzi za mababu, ila pombe tu ndiyo iliyobadilika. Zamani jirani zako walikuja kukulimia, ukawapa ulanzi, pombe ya mianzi. Mianzi ilipong'olewa, Igodi walipika pombe ya maganda ya viazi, chungu na nzito, na mapumziko ya saa sita kibuyu kimoja kilizunguka. Aliyekishika ana neno, na hakatizwi mpaka anywe. Na kuna adabu yake: huwezi kupokea kibuyu mikono imefunikwa. Unakunja mikono ya nguo hadi juu ya viwiko, wenzako waone udongo, wajue umechimba kama wao.

Watu walikuwa wengi, wamejaa shamba zima na uma zao za kuchimbia, zile ndefu zenye meno manne. Kibuyu kilipomfikia Tulalumba, alikunja mikono ya sweta, akakipokea, akasema. Aliwaambia habari ya maji, ya naitrojeni na ya lumbesa. Aliweka ndoo mbele yao, akatumbukiza viazi walivyochimba asubuhi ile, vikaelea vyote, vinagongana kama bata. Akavitumbukiza vitatu vya kinyungu, vikazama. Aliwaambia wiki saba. Aliwaambia mia mbili. Kisha akanywa.

Kwa kitambo kidogo aliamini kwamba wamemwelewa. Mzee mmoja alikuwa akitikisa kichwa, machozi yanamlengalenga. Kastoli, aliyesimama kando, alikwisha kupiga hatua kuja kwake.

"Nyoosha mkono," alisema Enesia.

Alikuwa safu ya mbele, nguo za eda, uma begani. Kibuyu hakikuwa mkononi mwake na alisema hivyo hivyo.

"Dada Enesia?"

"Huo wa kulia. Uonyeshe watu."

Tulalumba aliutazama mkono wake mwenyewe, akaelewa. Mwezi mmoja nyuma waya wa uzio ulikuwa umemchana kutoka kiwiko hadi kifundo. Pale palikuwa na kovu, jembamba, la waridi, limefunga vizuri. Amelificha kwa sweta wiki nne, na leo amelifunua mwenyewe mbele ya umma, kwa sababu ameshika kibuyu, na mtu wa Igodi akishika kibuyu mikono hujikunja yenyewe. Pande zote za shamba mikono mingine ilikuwa imefungwa vitambaa vyenye damu.

"Umepona," Enesia alisema. "Sisi tunaoza, wewe umepona. Vile viazi vitatu umevitoa wapi?"

"Ni kinyungu cha mama. Ni kidogo, havitoshi hata..."

"Viko nyuma ya nyumba yake," mtu alidakia. "Kwenye mawe."

Lililofuata halikuwa na mwanzo unaoweza kuuonyesha kwa kidole. Kwanza kundi la nyuma liligeuka likaanza kukimbia kuelekea kijitoni. Wengine wakaona wanapitwa. Mwanamume aliyekuwa mbele alivutwa shati, akaanguka, akakanyagwa, na waliomkanyaga waliteleza kwenye damu yake wakaanguka nao. Kisha zikaanza kufanya kazi uma. Mtu alimchoma jirani yake wa mlango kwa mlango, mgongoni, ili ampishe. Mwingine alipigwa kiwiko tu, kiwiko cha bahati mbaya, akakaa chini huku nywele zinamwagika damu. Katika nchi ya watu wazima wa afya ungekuwa ugomvi wa kilabuni, wa kuishia na pole na samahani. Igodi kila pigo lilikuwa ni kifo. Tulalumba aliona uso wa mzee yule aliyekuwa akilia: alikuwa amemkalia mtu kifuani, anampokonya uma.

Enesia hakukimbilia kinyungu. Alimjia yeye, uma mbele, macho makavu.

Kastoli aliingia kati. Hakuwa na silaha, alikuwa ameiacha kwa heshima ya mgowe. Aliukamata mpini, wakavutana kama watoto wanaogombea kamba, wote wawili wakipumua kwa midomo. Mpini ukavunjika. Kibanzi kikamchana Enesia kiganja, kutoka kidole gumba hadi kando. Lakini meno ya uma yalibaki mikononi mwa Enesia, na alisukuma. Yaliingia pajani mwa Kastoli kina cha kucha, si zaidi.

"Sasa na wewe utajua," Enesia alimwambia, akilia kwa mara ya kwanza. "Na wewe utajua."

Alikaa chini hapo hapo na kiganja chake kikivuja, hakumfuata mtu tena.

*

Kutoka Shamba la Saba hadi Chumba cha Lango si mbali. Kastoli alitembea nusu ya njia, nusu iliyobaki Tulalumba alimburuta. Alimfunga kitenge pajani, akakaza kwa meno, kitenge kikalowa. Akamfunga sweta. Likalowa. Nyuma yao, bondeni, walisikia mayowe kutoka kinyungu, na Tulalumba alikuwa akimwomba Mungu kwamba Lusungu awe amejificha chini ya kitanda kama alivyofundishwa. Baadaye alimkuta huko huko, ameziba masikio. Kinyungu hakikuwa na hata jani. Walikuwa wamechimba kwa kucha, wamekula vibichi na udongo wake, na miili kumi na saba ilikuwa imelala kwenye matuta sita.

Lakini hayo yalikuwa bado. Chumbani, Kastoli aliegemea ukuta chini ya ubao, miguu mbele, na damu ikaanza kutafuta mteremko wa sakafu.

"Nirudi nikutafutie viazi," Tulalumba alisema. "Hata kimoja. Kaka, hata kimoja kinaweza..."

"Vimeliwa. Na usinidanganye, hakuna kiazi kinachofanya kazi kwa saa moja." Alitabasamu, fizi zake zilikuwa nyeusi. "Kidonda chenyewe ukikitazama. Mama angetema mate, akanifunga jani, akanirudisha shambani."

Tulalumba aliweka kiganja chake kwenye ubao, akaandika amri. Nusu ya maji. Theluthi ya naitrojeni. Mzizi ulifikiri, ukaandika kwa herufi zake kubwa za upole: UZITO UTAPUNGUA. MAGUNIA HAYATAJAA. MNA HAKIKA?

"Watu hawakukubali," Kastoli alisema.

"Hawakukataa. Hawakupata nafasi ya kujibu."

"Tula. Hawakukubali."

Tulalumba alipiga magoti mbele yake. Alikuwa na hasira, hasira ya kumpiga mtu, na hakuwepo wa kupigwa. "Basi niambie tuwaache. Sema wewe. Sema tuwaache wale kilo zao mbili mpaka wa mwisho azikwe na kitambi chake, nami nitafuta amri hii nikae na wewe hapa."

Kastoli alifumba macho. Tulalumba akadhani amekwisha.

"Nani atapima?" aliuliza. "Hiyo kilo moja. Siku za njaa, nani atasimama mzanini?"

"Nitasimama mimi."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Na yule akija? Aliyenichoma?"

Tulalumba alikaza tena sweta pajani mwake.

"Mimi nilimuua mumewe kwa mkono huu. Ukimpunja hata kiazi kimoja, utakuwa umewachagua hao mia mbili kwa chuki, si kwa hesabu. Niahidi au usinishike mkono."

"Kaka, usinifanyie hivi."

"Niahidi."

Aliahidi. Akamwinua kwapani, akamnyoosha mkono, na kiganja chenye damu kikatua kwenye ubao. Chini ya miguu yao, katika uwanda mzima, maji yalipungua. Huwezi kuyasikia, ila siku hiyo aliapa ameyasikia. Alipomrudisha chini, Kastoli alikuwa mzito kama gunia, na hakumjibu tena.

*

Hesabu yake ilikosea kwa kumi na wanne. Walikufa mia mbili na kumi na wanne, na Tulalumba alikwenda kwenye kila mazishi aliyoweza, akasimama nyuma, akatemewa mate mara nyingi. Wiki ya pili walichoma mlango wa nyumba yake. Wiki ya nne mtu alimrushia jiwe mzanini, likamkosa likampata aliyekuwa nyuma yake, na huyo akafa. Alimfunika, akaendelea kupima. Kilo moja, bapa, bila kilemba. Lusungu alikuwa na shingo kama kijiti, naye alipata kilo moja, bapa.

Wiki ya nane viazi vilizama.

Vilikuwa vidogo na vibaya, ganda gumu, na watu walivila wakilalamika. Tulalumba aliweka utaratibu mpya mzanini: kabla ya kupima, kila mtu aonyeshe kidonda chake, naye alikibonyeza kwa kidole gumba. Kikivuja, aliandika hivyo, akajua shamba lake liongezewe nini au lipunguziwe nini. Wiki ya kumi, vingi vilivuja. Wiki ya kumi na mbili, vichache. Watu walianza kuonyeshana vigaga kwenye foleni, kama watu wanaoonyeshana nguo mpya.

Enesia alikuwa hajafika mwenyewe siku zote hizo, kiganja chake kikiwa kimekazwa vitambaa usiku na mchana. Alikuwa akimtuma mama mkwe wake, na Tulalumba alipima, kilo kwa kilo. Kisha asubuhi moja ya baridi foleni ilisogea, na hapo mbele ya mzani, chini ya nguzo ile ile, alikuwa amesimama yeye, amekonda, kapu mkononi.

Hakusalimu. Tulalumba naye hakusalimu.

"Kidonda," Tulalumba alisema.

Enesia aliweka kapu chini, akafungua kiganja. Mchano ulikuwa umekipita chote, kutoka kidole gumba hadi kando, mahali kibanzi cha ule mpini kilipopita. Ulikuwa umefunga. Ngozi mpya ilikuwa nyembamba, inang'aa, bado changa.

Tulalumba aliweka kidole gumba chake juu yake, akabonyeza.

Kubonyeza kwa kazi ni kidogo tu, mtu anahesabu mbili. Yeye hakuachia. Alibonyeza zaidi. Aliingiza ukucha. Alimkumbuka kaka yake jinsi alivyokuwa mzito, na sakafu ya chumba, na jinsi damu ilivyotafuta mteremko, akasukuma kwa nguvu zake zote, kwa bega lake lote, akitaka kile kitu kifumuke. Alitaka kwa moyo wake wote. Machozi yalimtoka, na Enesia aliyaona, akajua ni nini kinachofanyika, wala hakuvuta mkono. Aliuacha pale, anamtazama machoni.

Kovu halikufunguka.

Tulalumba aliachia. Kwenye kiganja kulikuwa na alama ya ukucha wake, nyekundu, inarudi taratibu kuwa rangi ya ngozi. Akajifuta macho kwa kiwiko, akachota viazi, akaviweka mzanini mpaka mshale ukagusa moja.

"Kimefunga," alisema. "Wa nyuma, sogea."